Kwa binti wa kaka yangu: kukosa hedhi si kuwa fiti

Binti yangu,

Uliponiambia kuwa hujaona siku zako tangu mazoezi yaongezwe, na kwamba kambini wanasema ndivyo ilivyo kwa kila mkimbiaji wa kweli, nilikuomba ruhusa nikujibu hadharani. Wenzako wengi wameambiwa hivyo hivyo, na si wote wenye shangazi wa kumuuliza.

Si kweli. Yupo mwanamke aliyetumia miaka mingi ya kazi yake kulichunguza jambo hili hasa: Anne Loucks, mtafiti wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani.

Kabla yake yalivuma maelezo ya Rose Frisch, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1974, yeye na Janet McArthur waliandika kwamba msichana huhitaji mafuta yafike kama asilimia 17 ya uzito wake ndipo avunje ungo, na kama asilimia 22 ili hedhi iende kwa mpangilio. Namheshimu sana Frisch, maana aliliona jambo ambalo wengi walilipuuza: kwamba uzazi unategemea akiba ya mwili. Ila namba zile hazikusimama. Wapo wakimbiaji wembamba mno wanaopata hedhi kila mwezi, na wapo wenye mwili kama wao ambao hedhi imekatika. Wengine wakayalaumu mazoezi yenyewe, eti mwili wa mwanamke hauyawezi. Hilo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu ni kisingizio cha kuwazuia wasichana wasikimbie.

Loucks aliyatenganisha mazoezi na upungufu wa chakula, mambo mawili ambayo kwa wanariadha huja pamoja. Alichukua wanawake wenye hedhi ya kawaida, akawafanyisha mazoezi, mara wakila vya kufidia, mara wakila pungufu, na akawatoa damu kila dakika 10 kwa saa 24. Alifanya hivyo kwa sababu homoni ya LH, inayoifanya ovari iachie yai, haitoki mfululizo. Ubongo huiamuru tezi ya pituitari iitoe kwa mapigo, na mapigo yakiwa machache mno, yai halipevuki. Matokeo yake ya mwaka 1998 yalikuwa wazi: waliofanya mazoezi wakala vya kutosha, mapigo yao karibu hayakutikisika. Nishati ilipopungua ndipo yalipopungua nayo.

Mwaka 2003, akiwa na mtafiti mwenzake Jean Thuma, Loucks alipima wanawake 29 kwa siku 5 tu kwa kila kiwango cha chakula. Mapigo yalianza kuvurugika nishati iliyobaki baada ya mazoezi iliposhuka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta. Kiwango cha kutosheleza kilikuwa 45. Tuseme wewe, ukiondoa mafuta, una kilo 40: unahitaji kalori 1,800 zibaki baada ya kukimbia. Ukichoma 800 njiani, chakula cha siku nzima kiwe 2,600. Tafiti za baadaye zinaonyesha kuwa 30 si mpaka mmoja kwa kila mtu, kwa hiyo usiichezee.

Sasa nisikilize hapa. Unarudi asubuhi umekimbia kilomita 20, unakunywa chai ya rangi na kipande cha chapati, unasema umeshiba. Nakuamini. Mtu aliyenyimwa chakula husikia njaa. Aliyechoma nishati ile ile kwa kukimbia huenda asiisikie kabisa. Loucks alisisitiza kwamba mwanariadha asile kwa kufuata hamu, ale kwa ratiba. Kwa hiyo uji wa maziwa kabla hujaoga, makande mchana hata kama huyatamani, na usiku usiruke mlo.

Nahofia mifupa yako pia. Mtafiti Barbara Drinkwater na wenzake, mwaka 1984, walipima uti wa mgongo wa wanariadha waliokosa hedhi, wenye wastani wa miaka kama 25. Msongamano wa madini kwenye mifupa yao ulilingana na wa wanawake wa miaka 51. Ukisikia maumivu ya muundi yasiyopoa, simama, usikimbie nayo.

Nenda hospitali wiki hii. Waanze na kipimo cha mimba, usione aibu, kisha tezi ya shingo na homoni nyingine, maana hedhi hukatika kwa sababu nyingi. Ukipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili damu irudi, uliza kwanza: damu hiyo huletwa na vidonge, na haionyeshi kuwa ubongo umerudisha mapigo yake. Wala usidhani huwezi kushika mimba kwa kuwa huoni siku zako. Yai linaweza kutoka kabla damu haijarudi.

Kocha akikuambia upungue zaidi, mwambie shangazi anaomba namba yake.

Shangazi yako