Wachapaji wa steshenari wanaumia mikono, wenye maduka watazame meza zao

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Nazungumzia sisi tunaowachapia watu kazi kwenye steshenari hapa Ngamiani, Chumbageni na karibu kila mtaa wa Tanga siku hizi. Ukifika msimu wa kuomba mikopo ya chuo au zikitangazwa ajira za walimu tunakaa kwenye kompyuta tangu asubuhi mpaka usiku, foleni imetoka nje, hakuna cha kunyoosha mkono wala nini.

Wengi wetu mkono unawaka moto kuanzia kiwiko mpaka kiganja, na wapo wanaoshtuka usiku vidole vimekufa ganzi wanavikung'uta weee mpaka virudi. Wanachofanya ni kuchua na mafuta na kumeza diklofenaki za duka la dawa, na mtaani wanaambiwa ni baridi yabisi au kuna mtu kawatupia kitu. Jamani hapana. Pale kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, unapita mshipa mmoja wa fahamu pamoja na kano 9 za kukunja vidole, njia ikibanwa mshipa ndo unalalamika. Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, alafu kidole kidogo kiko salama, dalili kubwa ni huo mshipa. Kompyuta sio sababu pekee, wajawazito na wenye kisukari wanapata sana, kwahiyo mtu akapime na sukari pia.

Ila meza zetu nazo ni tatizo kubwa. Duka linaweka kompyuta juu ya kaunta ya kioo iliyotengenezwa kwa ajili ya kalamu na madaftari, mchapaji anapewa kiti cha plastiki kifupi, viwiko vinaning'inia chini na vifundo vimelalia ukingo wa aluminiamu, akinyanyua mkono unaona mstari mwekundu umechorwa kwenye ngozi. Na vile vimiguu vya nyuma ya kibodi watu wanavisimamisha wakidhani ndo vizuri, kumbe vinazidi kuupinda mkono kwa juu. Vikunjeni. Kaeni juu ya mto mpaka kiwiko kilingane na kibodi, miguu ikibaki hewani tafuta kigoda, kipanya kiwe karibu usikifuate mbali, na kila baada ya nusu saa hivi simama kidogo hata kama mteja ananuna. Kwa ganzi ya usiku kuna kifaa cha kufunga kifundo kikae kimenyooka ukilala, kinawasaidia wengi. Ukianza kudondosha vikombe au nyama ya chini ya kidole gumba inasinyaa usisubiri, nenda hospitali, mshipa ukiumia sana unaweza usirudi kama zamani.

Wenye maduka nao nawaomba sana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya sekta binafsi pia, sasa kijana anayelipwa kwa siku, hana mkataba, hajasajiliwa popote, mkono ukimkataa ataenda kudai wapi? Hata Shirika la Kazi Duniani kwenye orodha yake ya 2010 ya magonjwa ya kazini limeutaja huu ugonjwa wa mshipa kubanwa kifundoni, kwa kazi za kurudiarudia kwa nguvu na za kupinda sana kifundo.

Nyie OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, mkipita Tanga msiishie viwandani na bandarini, ingieni na kwenye steshenari. Na wewe Mhariri tuletee mtu wa fiziotherapia kwenye ukurasa wa afya atuonyeshe mazoezi kwa picha, tutayabandika ukutani. Mwenye duka anayesema hana hela ya meza mpya aite fundi seremala amtengenezee kimeza kifupi cha mbao cha kuwekea kibodi tu, mafundi Ngamiani wamejaa.

Mchapaji, Ngamiani, Tanga