Mjomba wako ameshatoka, anatafuta nini tena?

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulisema huelewi kwa nini mjomba wako bado anahangaika na mahakama wakati ameshatoka gerezani. Jambo hilo sikutaka kulijibu kwa simu.

Msome Iwao Hakamada wa Japani. Alikuwa bondia, kisha akaajiriwa kwenye kiwanda cha miso, soya iliyochachushwa. Mwaka 1966 mkuu mmoja wa kiwanda aliuawa, yeye, mkewe na watoto wao wawili. Polisi walimhoji Hakamada siku baada ya siku mpaka akakiri, mahakamani akakana. Zaidi ya mwaka baada ya mauaji, zikaibuka nguo zenye damu ndani ya tangi la miso. Mwaka 1968 akahukumiwa kifo.

Kwenye rufaa alijaribishwa suruali iliyokuwa kati ya nguo zile. Ikagoma mapajani! Waendesha mashtaka wakasema imesinyaa, na yeye amenenepa. Na ile damu, baada ya kulowa miso muda wote huo, eti ilikuwa bado na wekundu. Mtu akishabandikwa uuaji, hata suruali isiyomwingia inaonekana yake.

Huko Japani mfungwa huambiwa asubuhi ileile kwamba leo ananyongwa. Miaka ya kuamka hivyo ilimvuruga akili. Aliyebaki kumpigania ni dada yake, Hideko. Namwelewa sana huyo mama.

Mwaka 2014 aliachiwa, kesi ikaamriwa isikilizwe upya. Lakini sikiliza: alikuwa akilala nyumbani kwa dada yake huku hukumu ya kifo haijafutwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Tokyo ikaitengua amri ile ya kusikiliza upya, na ni 2023 tu ndipo njia ilipofunguka tena. Tarehe 26 Septemba 2024 mahakama ya Shizuoka ilimwona hana hatia, ikasema nguo zile zilipandikizwa na wachunguzi. Alikuwa na miaka 88, Hideko 91.

Mjomba wako alitoka kwa msamaha. Anayesamehewa ni mkosaji, na yeye hakukosa. Kila anapojaza fomu ya kazi, kwenye swali la kuwahi kutiwa hatiani lazima aandike ndiyo.

Nakala ya mwenendo wa kesi nimeipata, ila kurasa nyingi zimefifia. Ukija likizo, uje na kompyuta yako tuzichape upya, wakili anazitaka kwa ajili ya maombi ya mapitio. Na mjomba usimhoji. Akitaka kusema atasema.

Mama yako