Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chembe Nano za Fedha Kutokana na Majani

Kisumu

Ndugu wanachama,

Mhazini atawasomea hesabu za fedha ya benki. Mimi nahusika na fedha ile nyingine, madini tunayoyageuza kuwa chembe nano, yaani chembe ndogo mno, kwa majani ya mwarobaini na mpera, tukitafuta dawa ya kupaka vidonda. Karibu kila ripoti ya maabara iliyofika kwa kamati ilijibiwa neno lile lile: chupa kugeuka kahawia si ushahidi kwamba chembe zimepatikana, sembuse kwamba zinaua bakteria.

Utaratibu haujabadilika. Majani mabichi gramu 10, yaliyosuuzwa mwisho kwa maji yaliyokenekwa, hukatwakatwa na kupashwa moto wa nyuzi 70 kwa dakika 15 katika mililita 100 za maji hayo hayo, kisha huchujwa. Nitrati ya fedha ni gramu 0.17 kwa lita, yaani milimola 1. Mililita 10 za maji ya majani hutiwa tone kwa tone katika mililita 90 za nitrati, chupa ikiwa imezungushiwa foili. Spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, ikionyesha kilele kati ya nanomita 400 na 450, mmeanza vizuri. Mmeanza tu.

Kinachowaangusha wengi ni maji. Fedha ikikutana na kloraidi, ya maji ya bomba au ya chupa isiyosuuzwa vyema, hutoa mashapo meupe ambayo mwanga huyatia weusi, na mwenye haraka husema kazi imekubali. Wenzetu wa Nakuru hulaumu floraidi ya visima vyao. Kwa meno wana haki, lakini floraidi ya fedha huyeyuka majini, kwa hiyo hapa haina kosa. Kabla ya kuanza, dondosheni tone la nitrati katika maji kidogo: yakiingia ukungu, yamwagwe. Majani nayo yana kloraidi yake, ndiyo maana tunadai kipimo cha eksirei cha fuwele. Vilele vya fedha hukaa digrii 38.1, 44.3, 64.4 na 77.4 kwa mashine ya eksirei yenye mirija ya shaba. Vya 27.8, 32.2 na 46.2 ni vya kloraidi ya fedha, na ripoti iliyovionyesha bila kuvitaja ilirudishwa.

Pili, pH, yaani kiwango cha asidi. Ukitia sodiamu haidroksaidi baada ya kuchanganya, unaweza kupata oksaidi ya fedha, nayo pia ni kahawia. Rekebisheni pH ya maji ya majani kwanza. Amonia isiguswe kabisa: mchanganyiko wake na fedha ukilala unaweza kulipuka.

Kuhusu vipimo vya dozi nasema kwa ukali kidogo. Mililita 100 za mchanganyiko wetu zina fedha isiyofika miligramu 10, hata chembe zote zikipatikana. Mtu akikausha akapima unga wa miligramu 30, ziada ni mmea. Kuandika uzito huo kama uzito wa fedha ni kujidanganya. Pelekeni sampuli ikapimwe fedha yenyewe.

Majaribio ya bakteria yafuatane na vilinganishi viwili: maji ya majani peke yake, na nitrati ya fedha yenye kiasi kile kile cha fedha. Nitrati pekee huua bakteria, hivyo chembe zisizooshwa mara tatu kwa mashinepewa, mashine inayozungusha kwa kasi ili chembe zitengane na maji, hubeba sifa isiyo yao. Duara safi lisilo na bakteria kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, lisiwapumbaze, kwani chembe husambaa polepole humo. Kiwango cha chini cha kuzuia ukuaji, kinachopimwa kwenye mchuzi wa kukuzia bakteria, ndicho kipimo tutakachokubali mwaka ujao.

Leseni ya utafiti ni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na anayechukua mimea ya porini aulize NEMA, mamlaka ya mazingira, mapema. Hakuna mwanachama anayeruhusiwa kumpa mgonjwa bidhaa hii, hata ya kupaka tu. Wauzaji wa maji ya fedha ya kunywa wapo. Marekani ilikataa mwaka 1999 dai kwamba dawa hizo ni salama na zinatibu, na ngozi ya anayezinywa kwa muda mrefu inaweza kugeuka buluu-kijivu isirudi.

Mabaki yasimwagwe kwenye sinki, maana fedha ni sumu kwa samaki. Tieni chumvi ya jikoni, acheni mashapo yatue usiku kucha, chujeni, na karatasi ziletwe kwa katibu katika chupa yenye lebo kabla ya mkutano.