Mapacha mezani pamoja, mbona dada ndiye aliyetoboka jino?

Kwenye kiti chetu cha kliniki ya meno hapa Tandika, Dar es Salaam, walikaa mapacha wa miaka 7, wa kike na wa kiume. Tuwaite Kulwa na Doto. Kulwa, wa kike, gego lake la chini lilikuwa na kitobo cheusi. Doto hana kitu. Mama yao akashangaa: “Daktari, hawa wanakula sahani moja, hata ubuyu wanagawana. Huyu kaoza kwa kipi?”

Tukamwomba Doto apanue mdomo tena. Gego lile lile kwake ndiyo kwanza linachungulia, nusu bado imefunikwa na ufizi. Kwa kawaida meno ya ukubwani ya wasichana huwahi ya wavulana kwa miezi kadhaa, kwa hiyo huwahi sukari pia. Na jino likiwa bado jipya gamba lake halijakomaa, huoza upesi.

Hilo gego huwaponyoka wazazi wengi. Huota karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Basi watu husema, “Si litang'oka tu?” Haling'oki. Ndilo hilo hilo la uzeeni.

Tukilikuta zima tunalisafisha, tunalikausha, kisha tunapaka utomvu maalumu unaoziba vijibonde vya juu, mle ubuyu unamojificha. Hakuna sindano. Ila sharti jino liwe limetoka lote, ndiyo maana Doto atarudi baadaye. La Kulwa tuliliziba. Bahati nzuri tobo halikuwa limefika kwenye mshipa.

Wavulana nao wana yao: mpira wa uchochoroni na meno ya mbele. Jino la ukubwani liking'oka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo kwa maji safi, lirudishe tunduni, mtoto ang'ate kitambaa. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa, hata ya pakiti, mje ndani ya saa moja, foleni ya Barabara ya Kilwa ikiwemo. La utoto usilirudishe.

Binti akibalehe, fizi zikitoka damu asiache mswaki. Homoni huzifanya ziwe nyepesi kuvimba, na uchafu ukibaki ndiyo zinazidi.

Waleteni asubuhi, hawajachoka. Na tafadhali, njiani msiwatishie sindano.