Barua kwa mwanangu aliye Njombe

Newala, Julai

Mwanangu Salumu,

Mama yako amekuta sigara mbili kwenye suruali uliyoiacha hapa. Hakugomba. Alinitilia mkononi, akaniangalia mimi.

Utaniambia ni moja moja tu, tena ya kupokezana na wenzako. Hiyo moja moja ndiyo inayoninyima usingizi. Daktari anayenipima presha kaniambia anayevuta moja kwa siku asijidanganye: hatari ya moyo wake inafika karibu nusu ya ile ya anayemaliza 20. Nikamuuliza, hata mtoto wa miaka 17? Akasema huko Marekani walipopasua miili ya vijana waliokufa kwa ajali, waliwakuta baadhi mafuta yameshaanza kujijenga ndani ya mishipa, na wavutaji walizidi.

Na baridi hiyo ya Njombe, najua watakwambia sigara inaleta joto. Uongo. Inabana mishipa, vidole vinazidi kuwa baridi, na moyo unakwenda mbio umekaa kitako. Jiko la mkaa hatulali nalo ndani, na sababu unaijua. Hewa ileile ya sumu imo kwenye moshi wa sigara.

Wewe ndiye wa kwanza kwetu kufika kidato cha tano. Siku majina yalipotoka nilizunguka soko zima sina cha kununua. Halafu ndiyo unanifanyia hivi?

Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Dukani walikuuzia ukiwa na miaka minane, kwa kuwa ulisema umetumwa na baba. Hilo nimelifikiria sana wiki hii.

Salfa tumepuliza mara mbili, mikorosho ya bondeni imeanza kutoa maua. Mashine anabeba Hamisi, mimi nikiibeba kifua kinabana kabla sijamaliza mstari. Tangi limebaki robo, maji tunanunua kwa ndoo. Dada yako amehamia chumbani kwako, usikasirike.

Hizo mbili nimezitupa chooni. Kama unazo nyingine, zitupe leo, usingoje ziishe. Ukishindwa niambie, mimi sitakupiga, nimeshindwa mara ngapi mwenyewe. Ila usinifiche. Nipigie Jumapili kwa simu ya mwalimu wako.

Mama anauliza kama blanketi moja linatosha. Kama halitoshi nitamtuma mtu wa basi Ijumaa, pamoja na korosho za bibi yako.

Baba yako