Usikwangue pini za simu: ile manjano ni dhahabu kweli

Simu haiingizi chaji, au laini haisomi. Wengi wanaotuletea tatizo hili dukani hapa Malindi huwa washajaribu wenyewe kwa sindano, ncha ya kisu au kipande cha msasa. Pini zinang'aa, simu bado imelala.

Ile rangi ya manjano kwenye laini, memori kadi na tundu la chaji ni dhahabu. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri kuliko dhahabu, lakini zikikaa hewani, tena hewa yetu hii ya chumvi, hufanya ukoko unaouzuia. Dhahabu haishiki kutu. Chini yake huwekwa nikeli, na chini ya nikeli kuna shaba. Kwenye bodi ya simu, dhahabu hiyo aghalabu ina unene wa maikroni 0.05 hadi 0.1 (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na unywele ni kama maikroni 70. Pini za kuchomeka na kuchomoa hupewa nene zaidi, ikichanganywa na kobalti au nikeli kidogo ili iwe ngumu, lakini hata hiyo mara nyingi haifiki maikroni 1. Msasa ukipita mara mbili tatu, imekwenda. Unachokiona kinang'aa ni nikeli au shaba tupu, inangoja upepo wa bahari tu.

Kibaya zaidi ni kuchaji simu iliyolowa maji ya chumvi. Utando mwembamba namna ile huwa na vitundu visivyoonekana kwa jicho, na umeme ukikutana na maji ya bahari, madini ya chini huliwa upesi. Pini inayoingiza umeme ndiyo hutangulia kuwa nyeusi. Ndugu zetu wavuvi wa Mayungu wanalijua hili. Simu ikizama, izime, usiichomeke popote, uilete siku hiyo hiyo. Mchele nao uacheni jikoni, hautoi chumvi. Sisi tunaifungua, tunasugua bodi kwa spiriti safi na brashi laini, na tundu lililoliwa tunabadilisha. Kupaka dhahabu upya hatufanyi, na anayekuahidi kazi hiyo papo hapo mwulize anapaka nini.

Wapo wanaotuuliza kama tunanunua bodi mbovu tutoe dhahabu. Hapana. Darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ina kioo kikuu cha upana wa mita 6.5, kilichopakwa dhahabu kwa sababu huakisi vizuri miali ya joto. Unene ni kama maikroni 0.1, na dhahabu yote ni gramu 48 hivi. Sasa piga hesabu ya simu moja. Kuitafuta kwa asidi uani ni kuvuta mvuke unaochoma mapafu. Na kwa kuwa Ngomeni tuko nayo jirani, ambako satelaiti ya Uhuru ilirushwa 12 Desemba 1970, mtu hakosi kutaja yale makaratasi ya dhahabu ya satelaiti. Mengi ni plastiki ya manjano yenye alumini nyuma yake.

Laini ikikataa kusoma, ifute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, iache ikauke, irudishe. Ikikataa tena njoo nayo, pamoja na simu, kuangalia hatutozi.