Hasara ya sarafu za kale huanzia nyumbani, si mnadani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu sarafu za kale, hasa zile ambazo sisi wa Tabora tumezoea kuziita za Mjerumani. Kila baada ya miezi michache huzunguka kwenye simu zetu ujumbe unaodai kwamba mwenye sarafu ya aina fulani atalipwa mamilioni. Kila ujumbe huo unapopita, vikasha vya bibi zetu hufunguliwa, sarafu hutiwa mfukoni na kupelekwa mjini, na jioni mwenyewe hurudi ama ameiuza kwa bei isiyozidi nauli, ama amekasirika kwa kuambiwa kuwa alichobeba si kitu. Lawama zote huangukia minada ya Ulaya na ya mtandaoni, kwamba ndiyo inayotuibia. Nimeifuatilia minada hiyo tangu nilipostaafu kazi ya ukarani wa reli, na ninachokiona ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hutokea kabla sarafu haijaufikia mnada wowote, tena kwa mikono yetu wenyewe.

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa na sarafu ya dhahabu yenye tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Mwaka mmoja wa njaa aliipeleka kwa sonara, ambaye jina lake sitalitaja. Sonara aliigeuza mara moja tu, akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, akaiweka kwenye mizani, akataja bei ya gramu. Baba mdogo alirudi na gunia la mahindi na deni lake dogo limelipwa, akamshukuru Mungu mbele yetu sote tuliokuwa uani. Hakuna aliyemdhulumu kwa hesabu ya dhahabu, kwa kuwa dhahabu ilipimwa sawasawa. Alichouza, hata hivyo, hakikuwa dhahabu peke yake.

Sarafu ile ni ya rupia 15, nayo ilipigwa hapa hapa Tabora mwaka 1916. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefunga njia ya bahari, fedha kutoka Berlin na Hamburg haziji, na serikali ya Kijerumani ikaamua kujipigia sarafu katika karakana ya reli kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Zilitoka vipande 16,198 tu kabla ya Wabelgiji kuuteka mji mwezi Septemba mwaka ule ule. Kila kipande kina uzito wa gramu 7.168, na kwa kuwa robo ya uzito huo si dhahabu, dhahabu halisi iliyomo ni gramu 5.376. Hizo ndizo alizolipwa baba mdogo. Tembo, herufi T iliyo alama ya Tabora, na habari yote ya karakana ile havikuingia kwenye mizani, ilhali katika minada ya leo ndivyo vinavyoifanya sarafu ya namna hiyo igongewe nyundo kwa maelfu ya euro. Wakusanyaji wamefika mahali pa kutofautisha aina mbili zake kwa kuangalia ncha ya nakshi inaishia chini ya herufi gani ya neno OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki, lililoandikwa juu ya sarafu. Nakiri kwamba mara ya kwanza niliposoma habari hiyo nilicheka, kisha nikamkumbuka baba mdogo na kicheko kikakatika.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Mama yangu mkubwa aliniachia rupia moja ya fedha ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile yenye Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma upande mmoja, na simba mbele ya mnazi upande wa pili. Ilikuwa imeingia weusi wa miaka mingi, na karibu na herufi weusi ule ulikuwa na rangi ya buluu kidogo, kama shingo ya njiwa. Nikaona aibu kuwaonyesha watu kitu kichafu. Nikachukua jivu la mkaa na ndimu, nikaisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Nilipoituma picha kwa kampuni moja ya mnada huko Ulaya, jibu lilikuja kwa upole lakini kwa ufupi: sarafu imesafishwa, mikwaruzo inaonekana shavuni, makadirio yake ni chini ya nusu ya ambayo ingepata kama ingeachwa ilivyo. Weusi ule nilioutoa kwa robo saa ulikuwa umejijenga kwa karibu miaka mia moja, na hakuna fundi wa kuurudisha. Basi mwenye sarafu ya kale asiisugue, asiichemshe, asiipake siki wala dawa ya kung'arishia shaba. Aishike kwa ukingo, aiweke peke yake kwenye karatasi kavu, na asimpelekee sonara kabla hajaipima mwenyewe.

Nieleze sasa mnada wenyewe, maana wengi wanaoulalamikia hawajapata kusoma masharti yake. Sisi tunaujua mnada wa ng'ombe, ambapo mnunuzi humzunguka mnyama, akamfungua kinywa, akampapasa mbavu, kisha ndipo anataja bei. Mnada wa sarafu wa ukumbini, kama ule wa Spink ya London au Künker ya Osnabrück, Ujerumani, haukwenda mbali sana na desturi hiyo. Kila fungu, yaani sarafu au kikundi cha sarafu kinachouzwa kwa pamoja, hupewa namba katika katalogi, huandikiwa makadirio, na kabla ya siku ya mnada wanunuzi huruhusiwa kuja kuishika sarafu na kuichungulia kwa kioo cha kukuzia. Siku yenyewe wapo wanaokaa ukumbini, wapo wa kwenye simu, na siku hizi wapo wanaotoa dau kwa intaneti nyundo ikiwa bado hewani.

Panapotuponyoka ni kwenye ada. Bei inayotangazwa magazetini si anayolipa mnunuzi, wala si anayopokea muuzaji. Tuseme sarafu imegongewa nyundo kwa euro 1,000, ada ya mnunuzi ni asilimia 20 na kamisheni ya muuzaji ni asilimia 15: mnunuzi atatoa 1,200, muuzaji atapata 850, na hapo bado hatujataja kodi, bima, gharama za picha wala za usafirishaji. Viwango hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na muuzaji mwenye fungu zuri anaweza kuomba apunguziwe. Anaweza pia kukubaliana na kampuni juu ya bei ya chini ambayo sarafu yake haitauzwa ikiwa haijafikiwa, ila aulize mapema, kwa kuwa zipo kampuni zinazomtoza hata kwa sarafu iliyorudi bila mnunuzi. Malipo nayo hayatoki siku ile ile. Husubiriwa wiki kadhaa mpaka wanunuzi wamalize kulipa. Asiyejua hayo, fedha zikichelewa, hupiga kelele kwamba ametapeliwa, na pengine hajatapeliwa.

Mtandaoni mambo ni mengine. Katika eBay, tovuti ya mnada iliyoanza mwaka 1995, mnunuzi huandika kiwango chake cha juu kwa siri, na mfumo humpandishia dau hatua kwa hatua kadiri wenzake wanavyompinga. Ukiandika 300 na anayekufuata ameishia 210, utaichukua sarafu kwa hatua moja tu juu ya 210. Kwa hiyo anayeamua bei ni yule aliyeshindwa, na ndiyo maana wazoefu hunyamaza siku nzima wakaibuka sekunde za mwisho, ili wasimpe mshindani nafasi ya kufikiri. Kuna na ubaya wake: muuzaji asiye mwaminifu huweza kumpandikiza rafiki yake apandishe dau bila nia ya kununua. Kanuni zinakataza, lakini kumkamata si rahisi. Ukiona sarafu ya kawaida inapandishwa na mtu yule yule ambaye kila mara anashindwa katika mauzo ya muuzaji yule yule, ondoka.

Na picha ndiyo gunia ambalo mbuzi huuziwa humo. Rupia 15 za bandia ni nyingi sana, nyingine za shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, na kwenye simu tembo wote huonekana ndugu. Muulize muuzaji uzito na kipenyo, umwombe picha ya ukingo, na asipojibu usimnunulie. Rupia moja ya fedha ya Mjerumani inapaswa kukaribia gramu 11.66, na ile ya rupia 2 ya mwaka 1893 na 1894, ambayo ni adimu, mara mbili ya hapo. Wenye uwezo hununua sarafu zilizokwisha kupimwa daraja na kampuni za Marekani kama PCGS na NGC, ambazo huipa sarafu alama ya hali yake kati ya 1 na 70 na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Kwa sarafu ya bei kubwa gharama hiyo ina maana. Kwa senti za bronzi ni kulipa zaidi ya thamani ya kitu chenyewe, na isitoshe hata makasha hughushiwa, kwa hiyo namba ihakikiwe kwenye tovuti ya kampuni husika.

Niguse kidogo matumaini yasiyo na msingi, maana haya nayo ni hasara. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, imeandikwa mwaka 1780, na kila mwenye nayo huamini kwamba ameshika kitu cha karne ya 18. Mwaka ule uliachwa bila kubadilishwa, na sarafu hiyo ikaendelea kupigwa katika miji mbalimbali hadi karne ya 20, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu hawakutaka kuona sura nyingine. Nyingi hazizidi sana bei ya fedha iliyomo. Hela ndogo za shaba za kuanzia 1904, ambazo ndizo zilizotuachia neno "hela" tunalolitumia kila siku, zilipigwa kwa wingi mno. Sarafu zetu za kwanza za 1966, zenye kichwa cha Mwalimu upande mmoja na mbuni, sungura, samaki au mwenge upande wa pili, ni kumbukumbu nzuri ya kumpa mjukuu, lakini anayekuambia kuwa sungura wako ni nyumba ya vyumba vitatu anatafuta ada ya "usajili" kutoka kwako.

Liko pia suala la sheria, nalo halina utani. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 huhesabu kuwa masalia ya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuviuza au kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Rupia za Mjerumani haziingii humo kwa umri wake, lakini sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinaingia, na wavuvi na watoto wa Kilwa na Mafia bado huziokota ufukweni baada ya mvua. Ndugu zetu wa Kenya wana sheria ya mwaka 2006 ambayo mpaka wake ni 1895, kwa hiyo hata rupia ya Mombasa ya 1888, yenye chapa ya mizani upande mmoja, haifai kutiwa kwenye bahasha na kutumwa ng'ambo kabla ya kuuliza. Sarafu ya Kilwa ikiuzwa kimya kimya hupotea pamoja na habari ya mahali ilipookotwa, na habari hiyo ndiyo wanayoihitaji wataalamu kuliko shaba yenyewe.

Ombi langu ni dogo. Makumbusho ya Taifa wangetenga siku moja kwa mwaka katika miji kama Tabora, Tanga, Kilwa na Bagamoyo, mtaalamu akakaa mezani na mizani na kioo, watu wakaleta walichonacho wakaambiwa ni nini, bila mtu yeyote kununua kitu siku hiyo. Anayeuza angeuza baadaye akijua anachokiuza, na taifa lingejua kilichobaki ndani ya vikasha vyake.

Mpaka siku hiyo ifike, mwenzangu wa Tabora mwenye sarafu yenye herufi T asiende nayo kwa sonara kabla ya kunipitia. Nina mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na ninayo pia rupia ya mama mkubwa, ile niliyoisugua, ya kumwonyesha mtu jinsi shavu la Kaisari linavyokuwa likipitiwa na jivu. Sinunui.

Karani mstaafu wa reli,
Tabora